Theluji Haikuporomoka

Kila msimu wa baridi magazeti ya Ulaya na Marekani huandika kwamba mlima umeua, nasi tunapokea na kutafsiri: theluji imeporomoka, watatu wamefariki. Kitazameni kitenzi hicho. Kuporomoka hakuna mtendaji. Bei huporomoka, ukuta mbovu huporomoka. Lakini wanaochunguza ajali hizi wanasema mara kwa mara kwamba katika takriban asilimia 90 ya maporomoko yanayoua watu waendao milimani kujifurahisha, aliyeyaanzisha ni marehemu mwenyewe au mwenzake. Theluji iliporomoshwa.

Chukueni Tunnel Creek, jimbo la Washington, tarehe 19 Februari 2012. Kundi la watelezaji 16, wengi wao wazoefu hasa. Theluji mpya nyingi ilikuwa imekaa juu ya tabaka dhaifu, na tahadhari ilikuwa imetolewa. Walishuka. Watatu hawakurudi.

Msiniambie walikosa elimu. Ian McCammon alipitia ajali zaidi ya 700 za Marekani akaona kwamba mafunzo peke yake hayakuwa kinga. Watu waliponzwa na kupazoea mahali, na kumfuata anayeonekana anajua, na hamu ya kuacha alama ya kwanza kwenye theluji ambayo haijakanyagwa. Na nani atakuwa wa kwanza kusema turudi, mbele ya mabingwa 15?

Halafu kuna ile mizani ya hatari, 1 hadi 5. Msomaji wa haraka akiona 3 huisoma kama alama ya mtihani: katikati, tumefaulu. Kumbe kwenye 3 maana yake ni kwamba kuna uwezekano mkubwa mtu kuiporomosha theluji kwa miguu yake mwenyewe. Aliyefukiwa ana kama dakika 15; zikipita, matumaini ya kumtoa hai huporomoka (hapa neno linafaa). Helikopta haifiki kwa dakika 15.

Mtasema ni ukatili kumsema marehemu. Ninayemsema ni mwandishi anayeupa mlima nia ya kuua, kisha anawaacha wasomaji wake waende kwenye mteremko uleule wiki ijayo wakimwomba Mungu. Mteremko wa nyuzi 38 hauna nia. Una bamba la theluji juu, tabaka bovu chini, na unahitaji uzito wa mtu mmoja tu, pale bamba lilipo jembamba.