SILAHA, AU VYOMBO VYA KAZI?



Sisi makarani twajua nguvu ya neno moja likiisha kuandikwa katika faili. Mtu akiandikwa "mvivu", neno hilo humfuata kila ahamishwapo, hata ikiwa aliyeliandika hakumwona kazini. Basi, watu wa kale waliochonga mawe nao wameandikiwa neno "silaha", nasi twasema kwamba neno hilo halikupimwa.

Mwaka 1797 Mwingereza John Frere alikuta mawe yaliyochongwa huko Hoxne, akaandika kuwa ni silaha za vita. Wenyewe hakuwaona, wala vita vyao. Mwaka 1953 Profesa Raymond Dart wa Afrika Kusini alinena kwamba mababu wa wanadamu walikuwa wauaji, wenye kupiga kwa mifupa na pembe. Mwaka 1961 Robert Ardrey akayaeneza maneno hayo kwa kitabu, na wengi wakasadiki kuwa mauaji yalizaliwa Afrika. Lakini C. K. Brain aliichunguza mifupa ya mapango ya nchi ile kwa miaka mingi, na mwaka 1981 akaonyesha kuwa wengi wa hao walioitwa wauaji waliliwa na chui na fisi. Kumbe mshitakiwa ndiye aliyedhulumiwa!

Na mawe je? Yale ya Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, yana umri wa miaka 3,300,000. Katika bonde la Olduvai, mifupa ya wanyama ina alama za kukatwa nyama na za kuvunjwa ili kutoa uboho. Hiyo ni kazi ya jikoni, si ya vita. Huko Olorgesailie, yapata miaka 300,000 iliyopita, watu walichonga jiwe jeusi mfano wa kioo, lililotoka mwendo wa kilometa 25 na zaidi. Wataalamu huona hapo dalili ya kubadilishana vitu na majirani. Je, mwenye kubadilishana na jirani ni mwenye kumwinda?

Hatusemi kwamba wazee walikuwa malaika. Huko Nataruk, karibu na Ziwa Turkana, yalionekana mabaki ya watu 27 wa miaka 10,000 hivi iliyopita, na fuvu la mmoja lilikuwa limechomwa na kijiwe chenye makali. Hapo ushahidi upo. Na liandikwe neno "silaha". Lakini miaka 10,000 haiwezi kuihukumu miaka 3,300,000.

Kwa hiyo yawapasa waandikao vibao vya makumbusho na vitabu vya shule waandike "silaha" penye ushahidi tu, na penginepo "vyombo vya kazi". Nanyi, ndugu, watoto wenu waletapo vitabu nyumbani, visomeni. Mkilikuta neno hilo, ulizeni limethibitishwa na nini. Karani asiyepitisha malipo bila hati asipitishe hukumu ya mababu zake bila ushahidi.