Vijana wa Segera na Ajira za Bomba la Mafuta: Tuchague Kazi kwa Kupima, si kwa Kusikia

Kila mara matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita yanapotoka, swali moja hurudi katika familia zetu: mtoto huyu asomee nini? Katika vigango na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo za Segera, Handeni na Korogwe, jibu linalosikika mara nyingi siku hizi ni fupi: asomee mafuta na gesi. Wazazi wanasema huko ndiko kwenye fedha, na vijana wanasema huko ndiko dunia inakoelekea. Wapo wanaofikiria kuuza sehemu ya shamba la mihogo au la michungwa ili kulipa ada ya chuo. Kwa kuwa uamuzi wa namna hiyo unagusa urithi wa familia nzima na maisha ya kijana kwa miaka mingi, tumeona inafaa kuutafakari kwa utulivu, kwa mwanga wa hali halisi na wa Mafundisho Jamii ya Kanisa.

Hamu hii haikuzuka bure. Mafuta yaligunduliwa nchini Uganda mwaka 2006, na baada ya majadiliano marefu ilikubaliwa kwamba yasafirishwe hadi Bahari ya Hindi kupitia ardhi ya Tanzania. Jiwe la msingi la Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki liliwekwa Chongoleani, Tanga, mwezi Agosti 2017, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatangazwa tarehe 1 Februari 2022. Bomba hilo lina urefu wa kilometa 1,443, na kati ya hizo kilometa 1,147 ziko nchini mwetu, kuanzia Kagera hadi Tanga. Katika mkoa wetu linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza kabla ya kufika pwani. Wanahisa wake ni TotalEnergies yenye asilimia 62, mashirika ya mafuta ya taifa ya Uganda na Tanzania yenye asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China yenye asilimia 8. Kijana wa Segera, aliyekua akitazama malori ya mafuta yakipita njia panda kutoka Tanga kwenda Moshi na Arusha, sasa anaona sekta hiyo imemfikia mlangoni.

Jambo la kwanza la kupima ni namna mradi wa bomba unavyoajiri. Viongozi walipoutangaza mradi huu walitaja ajira zipatazo 10,000 wakati wa ujenzi. Lakini ujenzi una mwisho. Kuchimba mtaro, kupanga mabomba, kuyachomelea, kuyafukia na kurudisha udongo ni kazi za maelfu ya watu kwa miezi au miaka michache. Mafuta yakishaanza kutiririka, bomba huendeshwa na watu wachache sana: wanaosimamia vituo sita vya kusukuma mafuta, vinne kati yake vikiwa Tanzania, wanaofuatilia mitambo ya kupasha joto, kwa kuwa mafuta ya Uganda ni mazito na huganda yasipotunzwa kwenye joto la nyuzi 50 hivi, na wanaohudumia matangi na gati pale Chongoleani. Kazi hizo za kudumu zina mshahara mzuri, ila zinahitaji elimu ya juu na uzoefu, na idadi yake ni sehemu ndogo ya zile za ujenzi. Kijana anayeanza leo masomo ya miaka minne asidhani kwamba kazi alizoziona jirani zake wakifanya kwenye mtaro zitakuwa zinamngoja.

Jambo la pili ni kwamba sekta hii hupanda na kushuka kwa sababu zisizo mikononi mwetu. Ndugu zetu wa Mtwara na Lindi wanalijua hilo. Gesi nyingi ilipogunduliwa katika kina kirefu cha bahari kuanzia mwaka 2010, vyuo vilianzisha kozi, vijana wakajiunga kwa wingi, na bei za viwanja zikapanda. Kisha bei ya mafuta duniani, iliyozidi dola 100 kwa pipa katikati ya 2014, ikaporomoka hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016. Makampuni yakapunguza matumizi na majadiliano yakachukua muda mrefu. Zaidi ya miaka kumi baada ya ugunduzi ule, kiwanda cha kusindika gesi kilichotarajiwa Lindi kilikuwa bado hakijajengwa. Kati ya wahitimu wa miaka ile, wenye fani inayotumika kwingine, kama uhandisi wa mitambo, umeme au uhasibu, waliweza kugeukia shughuli nyingine. Aliyebobea katika kitu kimoja tu alilazimika kungoja.

Hata hivyo, hatuna haja ya kwenda Lindi kutafuta funzo. Mkoa wa Tanga wenyewe uliwahi kufunga maisha yake kwenye zao moja. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na kwa miongo mingi mashamba ya Korogwe, Hale na Muheza yaliita watu kutoka kila pembe, hata kutoka nje ya nchi, kuja kuwa manamba. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Ndipo zikaja kamba na magunia ya nyuzi za viwandani, bei ikaanguka, na sera na usimamizi vikaongeza matatizo. Mwishoni mwa karne uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000. Inafaa tukumbuke kwamba nyuzi zile zilizoushinda mkonge wetu zilitengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Wajukuu wa manamba wangali katika majumuiya yetu, na wengi wanaweza kueleza jinsi babu alivyobaki na nyumba ya kambi baada ya korona kunyamaza. Mafuta nayo yana siku yake, kwa maana dunia inatafuta nishati nyingine, na kijana mwenye miaka 18 leo atakuwa bado kazini mwaka 2060.

Je, tuwaambie vijana waikimbie sekta hii? Hapana. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba mshahara mzuri ni dhambi. Tangu Papa Leo XIII alipotoa waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891, Kanisa limetetea haki ya mfanyakazi kupata ujira unaomtosha yeye na familia yake. Na Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu anayeifanya, na kwamba kazi ipo kwa ajili ya binadamu. Kwa kipimo hicho, mchomeleaji wa bomba, mpishi wa kambi na mhandisi wa kituo wana heshima moja. Kwa kipimo hicho hicho, swali la kijana linakuwa pana zaidi: pamoja na kujua nitapata kiasi gani, nijiulize pia kazi hii itanifanya niwe mtu wa namna gani.

Lipo pia suala la dhamiri, nasi hatupaswi kulifunika. Baba Mtakatifu Francisko, katika Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba nishati za makaa ya mawe, mafuta, na kwa kiasi kidogo gesi, zinapaswa kuachwa hatua kwa hatua bila kukawia. Hapo hapo alikiri kwamba, hadi nishati jadidifu zitakapopatikana kwa wote, ni halali kuchagua njia yenye madhara madogo au suluhisho la muda. Bomba hili limepingwa na wengi kwa sababu za mazingira na haki za watu, na Bunge la Ulaya lilipitisha azimio juu yake mwezi Septemba 2022. Wengine wamejibu kwamba Afrika imechangia kidogo sana katika kuichafua hewa na haiwezi kunyimwa maendeleo. Hoja zote mbili zina uzito. Mkristo anayefanya kazi humo anaweza kuwa na dhamiri safi, mradi asiwe kipofu. Fundi anayekataa kupitisha kiungo kibovu analinda chanzo cha maji cha kijiji kizima. Ofisa anayehakikisha mjane analipwa fidia yake kwa haki na kwa wakati anatumikia Injili kwa kalamu yake.

Kutokana na hayo, tunapendekeza kila familia ipime mambo manne kabla ya kulipa ada. Kwanza, je, ujuzi huu utaishi hata bomba likinyamaza? Uchomeleaji wenye cheti kinachotambulika, umeme wa viwandani, ufundi wa mitambo, upimaji wa ardhi, usalama mahali pa kazi na udereva wa magari makubwa vinahitajika bandarini, reli, viwandani na hata kwenye mashamba ya mkonge. Kijana asianze na jina la sekta. Aanze na fani, kisha aiongezee mambo ya mafuta na gesi. Vyuo vya VETA vinaweza kuwa mlango mzuri kuliko shahada yenye jina kubwa.

Pili, gharama italipwa na nani? Kuuza ardhi yote kwa ajili ya kozi moja ni kuhamisha hatari kutoka kwa kijana kwenda kwa wadogo zake. Injili ya Luka inatukumbusha habari za mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza na kuhesabu gharama. Fedha za fidia ya bomba nazo zisiishie kwenye ada au pikipiki pekee. Zilitoka kwenye ardhi, na zinapaswa kuacha kitu kitakachodumu.

Tatu, maisha yenyewe yatakuwaje? Kazi za miradi humweka mtu kambini kwa majuma mengi, mbali na mke au mume, watoto na Misa ya Dominika. Fedha nyingi zinazokuja ghafla, pamoja na upweke, zimevunja ndoa na kuleta maradhi. Wachumba walizungumze hilo kabla ya kufunga ndoa, bila kungoja mkataba usainiwe.

Nne, mlango unaoonyeshwa ni wa kweli? Matapeli wanaodai fedha ili "kuingiza jina" wamewaumiza wengi. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 na kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania zinatoa kipaumbele kwa raia katika ajira na zabuni, na kipaumbele hicho ni haki, hakinunuliwi. Anayelipa rushwa ili apate kazi anamnyang'anya mwenzake, na huanza utumishi wake kwa deni la dhamiri.

Kwa viongozi wa parokia tunaomba jambo moja lililo ndani ya uwezo wetu. Tunao waamini mainjinia, mafundi, walimu na maofisa. VIWAWA na TYCS wawaalike, angalau mara moja kwa mwaka baada ya matokeo, waeleze kazi zao bila kuzipamba: mkataba ulidumu muda gani, walikaa bila kazi kwa muda gani, ni ujuzi upi uliowabeba. Saa mbili za ukweli wa namna hiyo zinaweza kuokoa shamba la familia.

Mtakatifu Yosefu, ambaye Kanisa linamheshimu tarehe 1 Mei kama Mfanyakazi, alilea Familia Takatifu kwa ufundi aliouweza popote alipopelekwa, Misri na Nazareti. Awaombee vijana wetu wapate ujuzi wa namna hiyo, na wazazi wetu wapate hekima ya kuhesabu gharama.