Unadhifu Haununuliwi Saiba

Katika maduka ya saiba ya hapa Njiru, nimeshuhudia watahiniwa wa KCSE wa somo la Tarakilishi wakimkabidhi mhudumu flashi na kumwambia, "Nipangie." Mhudumu hutia yaliyomo, nambari za kurasa na jalada la kupendeza. Kazi hurudi nadhifu, ilhali mwenyewe hajui ilivyopangwa.

Mtindo huu siuafiki. Karatasi ya tatu ya somo hilo ni mradi: mwanafunzi hubuni mfumo, tuseme hifadhidata ya maktaba, na kuueleza hatua kwa hatua, tangu tatizo hadi majaribio. Msomaji wa mradi hamwoni mwandishi akifikiri. Huuona mpangilio wake tu. Jedwali lisilo na anwani na faili iitwayo "mpya2" huficha hata wazo bora. Mpangilio, basi, si pambo. Ni sehemu ya hoja.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tusijitenge. Utangulizi, mwili na hitimisho ndio mtaji wetu wa kila siku. Tutakapokuwa walimu, tuwafunze vijana kupanga fikra kabla ya kupanga kurasa. Chanda chema huvikwa pete. Lakini pete haikifanyi chanda kuwa chema.