Mkono umepona, kazi je?

Jamani, mtu akitoka Muhimbili tunaenda kumpa pole, tunaambiwa "anaendelea vizuri, yuko nyumbani", tunamshukuru Mungu, basi. Sasa nenda Kariakoo uone kupona ni nini. Mpagazi wa Mtaa wa Kongo aliyevunjika mkono hajapona mpaka aweze kufunga kamba ya robota. Mama lishe aliyepata kiharusi hajapona mpaka akate kitunguu na kuepua sufuria.

Hapo ndipo anapohitajika mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wengi tunamchanganya na wa fiziotherapia, anayeshughulika zaidi na misuli, viungo na kutembea. Huyu wa vitendo anaanza na swali: kabla hujaugua, siku yako ilikuwaje? Kisha anaivunja kazi vipande vipande. Kitunguu kinachomekwa kwenye ubao wenye msumari kisiteleze, mkono mmoja ukate. Shati linavaliwa kwa kuanza na mkono uliolegea. Mpini wa mwiko unaviringishiwa kitambaa uwe mnene, ushikike. Meza ya biashara inashushwa, mtu auze amekaa. Unaweza kucheka, lakini msumari huo ndio unaoamua kama mama atarudi kwenye jiko lake au atabaki kulishwa na mtoto aliyepaswa kuwa shule.

Wataalamu wenyewe ni wachache, na chuo kinachojulikana zaidi kwa fani hii kiko mbali, KCMC Moshi. Halafu kuna suala la nani analipa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza mwaka 2015 una fao la utengamao, yaani kumrudisha aliyeumia kazini kwenye maisha yake. Safi sana. Ila umejengwa juu ya michango ya waajiri. Mpagazi anayelipwa kwa mzigo, mwajiri wake nani? Mwenye duka? Mwenye mzigo? Kila mmoja atakuruka.

Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilipoanguka pale pale Kariakoo, watu zaidi ya 80 waliokolewa, na Serikali ikasema itagharamia matibabu ya majeruhi. Hilo halina ubishi, lilikuwa jambo jema. Ninachouliza mimi ni matibabu yanaishia wapi: pale plasta inapotolewa, au pale mtu anapofungua tena duka lake? Na kuna aliyepita kuwauliza majeruhi wale wangapi wamerudi kazini?