Jua Halichaji Betri

Katika nyumba nyingi za mashambani, na hata mijini, mawe ya redio au ya tochi yakiisha nguvu huanikwa juani, na watu husema kwamba yanachajiwa. Jioni redio hulia tena kwa kitambo, na wenyewe huridhika. Hata hivyo, neno likitumiwa pasipo mahali pake hupotosha fikira, na upotovu huu una madhara.

Kuchaji ni kupitisha umeme katika betri ili mabadiliko ya kikemikali yaliyotokea ndani yake yarudi nyuma. Betri ya gari, ambayo asili yake ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, hukubali jambo hilo kwa kuwa risasi na asidi yake huweza kurejea hali ya awali. Betri kavu ya kawaida, iliyotokana na ile ya Georges Leclanché ya mwaka 1866, haikuundwa hivyo. Kopo lake la zinki huliwa kadiri linavyotumika. Joto la jua huichangamsha tu kemikali iliyosalia. Haliongezi nguvu mpya.

Wako watakaouliza: kwa nini basi tusitumie chaja? Ni kweli kwamba baadhi ya betri za kutupwa hupokea nguvu kidogo zikipewa mkondo hafifu unaodhibitiwa barabara. Chaja ya kawaida haina udhibiti huo. Gesi hujaa ndani na ganda hupasuka. Betri ya alikali huvujisha maji makali yanayochoma ngozi na macho, na ile ya lithiamu yaweza kulipuka mikononi mwa mtoto.

Hatumlaumu mwananchi anayebana matumizi. Lakini rahisi ni ghali: betri iliyovuja huharibu redio nzima. Afadhali kununua zile zilizoundwa kuchajiwa, zenye volti 1.2. Bei yake ni ya juu, lakini hutumika tena mara mamia.

Walimu wa sayansi wana somo hapa lisilohitaji maabara. Wanafunzi wapime betri iliyochoka kwa voltimita, waianike, waipime tena, kisha waitumie kwenye tochi na kuipima mara ya tatu. Tarakimu watakazoziandika zitawafunza maana halisi ya kuchaji kuliko kamusi yoyote.