Kukusanya Sarafu: Mwaka Utangulie, Herufi Itafuata

Katika nyumba nyingi hapa Uganda liko kopo la zamani, aghalabu la maziwa au la kakao, ambalo halijafunguliwa siku nyingi. Ndani yake mna vifungo, sindano zilizoshika kutu, ufunguo wa kufuli iliyokwisha kupotea, na sarafu ambazo hakuna duka liwezalo kuzipokea tena. Nyingine zina tundu katikati, nyingine zina picha ya simba. Mwenye kopo akifariki, vitu hivyo hugawanywa kwa haraka: vifungo huenda kwa mshonaji, na sarafu huuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye huzipima kwa mizani pamoja na sufuria zilizotoboka. Hivyo ndivyo inavyopotea, kwa bei ya mkate, historia ya jamaa nzima.

Safu ya leo yahusu njia ya kuliokoa kopo hilo na kulifanya kuwa mafunzo kwa watoto nyumbani. Kazi yenyewe ni kukusanya sarafu na kuzipanga, nayo haihitaji fedha nyingi. Lakini kabla ya kuanza, swali moja hapana budi lijibiwe: sarafu zipangwe kwa kufuata nini?

Ziko njia mbili zijulikanazo sana. Ya kwanza ni kupanga kwa mwaka. Mkusanyaji huchagua sarafu ya aina moja, tuseme shilingi, akatafuta moja kwa kila mwaka uliopigwa chapa. Akipata ya 1950, mwaka huo umekwisha, naye huendelea na mwingine. Njia ya pili ni kupanga kwa alama ya kiwanda. Hapa mwaka peke yake hautoshi. Mkusanyaji hutaka sarafu ya kila kiwanda kilichopiga shilingi katika mwaka ule, naye huvitambua viwanda hivyo kwa herufi ndogo sana iliyotiwa kwenye sarafu.

Tofauti ya njia hizi huonekana vizuri katika sarafu za Afrika Mashariki. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919, na shilingi zake za kwanza zina mwaka 1921. Fedha hizo zilitumika Uganda, Kenya na Tanganyika, na Zanzibar ikajiunga mwaka 1936. Bodi haikuwa na kiwanda chake yenyewe. Kazi ya kupiga sarafu ilipewa Kiwanda cha Kifalme cha London, ambacho hakikutia herufi yoyote, na mara nyingine ilipewa viwanda vingine. Sarafu yenye H ilitoka katika kiwanda cha Heaton mjini Birmingham. Yenye KN ilitoka King's Norton, katika mji huo huo. Yenye I ilipigwa Bombay, na yenye SA ilipigwa Pretoria, Afrika Kusini.

Sasa tufanye hesabu kama ifanywavyo darasani. Shilingi za Mfalme George VI zilizotengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli zina miaka minne tu: 1948, 1949, 1950 na 1952. Anayepanga kwa mwaka anahitaji sarafu nne, basi. Lakini shilingi za 1949, za 1950 na za 1952 zilipigwa kila mwaka kwa namna tatu: zisizo na herufi, zenye H, na zenye KN. Mara tatu tatu ni tisa, na ile ya 1948 ikiongezwa, anayepanga kwa herufi anahitaji kumi. Kazi ya nne imekuwa kazi ya kumi, na hiyo ni shilingi peke yake. Nusu shilingi na senti za matundu bado hazijaguswa.

Kwa mtu mzima mwenye nafasi, kumi si nyingi. Kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja ni mlima. Mtoto huhitaji kuona kazi ikikamilika mbele ya macho yake. Akiweka sarafu ya nne mahali pake, akaona safu imetimia bila pengo, atataka kuanza safu nyingine. Akiambiwa tangu siku ya kwanza kwamba nne alizo nazo si kitu mpaka apate kumi, daftari litawekwa kando na kopo litarudi chini ya kitanda. Wahenga walikwisha kusema: mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Sababu ya pili ni ya macho. Mwaka husomeka hata kwenye sarafu iliyopita mikononi mwa watu wengi. Herufi ya kiwanda ni ndogo mno, nayo ni rahisi kufutika. Bila kioo cha kukuzia, ndugu wawili wanaweza kubishana jioni nzima kama waionayo ni H au ni mkwaruzo.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote: mwaka husimulia. Sarafu zikipangwa kwa miaka juu ya meza, mabadiliko hujitokeza yenyewe, na mtoto huuliza kabla ya kuulizwa. Kwanza atauliza juu ya mapengo. Shilingi ya 1951 asiitafute, kwa maana haikupigwa. Wala hakuna iliyopigwa baina ya 1925 na 1937. Kujua pengo lililo la kweli humwondolea mtu taabu ya bure.

Kisha tazama senti tano na senti kumi za 1936. Mwaka huo Uingereza ilikuwa na wafalme watatu: George V alifariki mwezi Januari, mwanawe Edward VIII akashika kiti, na mwezi Desemba akajiuzulu kumwachia ndugu yake, George VI. Katika Uingereza kwenyewe haikutolewa kwa matumizi ya watu sarafu yenye sura ya Edward. Lakini senti zetu zilikuwa na tundu, hazikuwa na mahali pa kuweka kichwa cha mfalme, hivyo jina lake peke yake lilitosha. Kwa hiyo mwanamke aliyeuza ndizi sokoni aliweza kushika mkononi jina la mfalme ambalo mwuza samaki wa London hakuliona kwenye senti yake.

Weka sasa shilingi ya 1946 karibu na ile ya 1948. Ya kwanza ina maneno ya Kilatini yamwitayo George mfalme, na tena Kaizari wa India. Ya pili yamwita mfalme tu. Baina ya miaka hiyo miwili India ilijipatia uhuru, Agosti 1947, na habari hiyo ikafika hadi kwenye shilingi ya mlipa kodi wa Gulu na Mbarara. Hata madini yalibadilika: shilingi za zamani zilikuwa na robo ya fedha halisi ndani yake, lakini ile ya 1948 haina fedha hata chembe.

Endelea mbele. Senti tano za 1963 bado zina jina la Malkia Elizabeth. Zile za 1964 hazina jina la malkia wala la mfalme, kwa sababu nchi zetu zilikwisha kuwa huru, Uganda ikiwa imejitawala tangu tarehe 9 Oktoba 1962. Mwaka 1966 zikaja sarafu za Benki ya Uganda yenyewe, na korongo, ndege wa taifa, akachukua mahali pa simba kwenye shilingi. Mwezi Mei 1987 fedha zilibadilishwa tena: shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na asilimia 30 ikakatwa. Wazee wengi hawajasahau mwezi huo. Masomo yote hayo yamo katika safu moja ya sarafu zilizopangwa kwa miaka, na bei yake ni uvumilivu tu.

Faida haiishii kwenye historia ya mataifa. Wazee wetu wengi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa. Wao huhesabu miaka kwa mambo: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mwaka baba aliporudi vitani. Mtoto akimpangia bibi yake sarafu hizo na kumwomba azitazame moja moja, mara nyingi kumbukumbu huamka. Hii ndiyo aliyolipia kodi marehemu babu. Hii ndiyo karo ya muhula wa kwanza wa mjomba. Yafaa hata hivyo kukumbuka kwamba mwaka ulioandikwa ni wa kupigwa sarafu, si wa kutumiwa. Shilingi ya 1921 iliweza kubaki sokoni miaka mingi, hivyo sarafu haiwezi kuwa hati ya kuzaliwa. Kazi yake ni kufungua mazungumzo.

Je, herufi za kiwanda hazina maana? La, zina maana, na kuna mahali ambapo mwaka hauwezi kusema lolote bila msaada. Reale ya Maria Theresa, iliyotumika sana zamani katika pwani ya Afrika Mashariki, huandikwa mwaka 1780 siku zote, yaani mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, ijapokuwa ilipigwa tena na tena baadaye huko Vienna, London, Bombay na kwingineko. Anayekusanya reale hizo kwa mwaka atakuwa na moja tu hata akifa.

Kadhalika ziko sarafu za Wajerumani za mwaka 1916 zenye herufi T, yaani Tabora. Vita vilikuwa vimeitenga Afrika Mashariki ya Kijerumani na kwao, wakalazimika kupiga sarafu papo hapo Tabora, hata za dhahabu zenye picha ya tembo. Baadhi zilikuwa za heller, jina lililowapa Waswahili neno hela. Herufi moja, T, yaeleza dhiki ya jeshi zima. Vivyo hivyo shilingi ya 1943 yenye I na ile ya 1945 yenye SA hukumbusha Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliposhambuliwa kwa mabomu na kazi ikapelekwa Bombay na Pretoria.

Kwa hiyo shauri ni hili: mwaka utangulie, na herufi ifuate. Safu ya miaka ikishatimia, mtoto achukue kioo na kuzikagua sarafu zilizozidi. Huenda akadhani ana shilingi mbili za 1950 zilizo sawa, kumbe moja ina KN. Ndiyo maana ni kosa kugawa au kuuza sarafu za ziada kabla ya kukaguliwa.

Kwa wazazi wanaotaka kuanza juma hili, taratibu ni chache. Kwanza, sarafu zisisuguliwe kwa majivu, mchanga, limau wala ukwaju. Kung'aa kwake si usafi. Ni ngozi yake iliyochubuliwa, na mnunuzi mwenye ujuzi hataitaka tena. Vumbi litolewe kwa kitambaa laini kikavu, pasipo kukandamiza. Pili, kila sarafu itiwe katika bahasha yake ndogo ya karatasi, iandikwe mwaka juu yake, na isiwekwe mahali penye unyevu. Tatu, liwepo daftari lenye safu tano: thamani, mwaka, jina la mtawala, herufi kama ipo, na mahali ilipopatikana. Safu hii ya mwisho isiachwe tupu. Humo ndimo liandikwamo jina la bibi. Nne, watoto wadogo sana wasiachiwe sarafu mikononi, kwa kuwa huzitia kinywani na kuzimeza.

Asiye na kopo la urithi naye asikate tamaa. Aanze na sarafu za leo za shilingi 100, 200 na 500, zenye ng'ombe wa Ankole, samaki na korongo, ambazo zilianza kutolewa zikiwa na mwaka 1998. Kila jioni chenji ya sokoni ikaguliwe mezani kabla ya kutumika, na mwaka usiokuwamo uwekwe kando. Haba na haba hujaza kibaba.

Wakati huo huo, mzazi mwenye wazee ambao wangali hai asingoje. Kopo lifunguliwe sasa, mwenyewe akiwapo, ili kila sarafu ipate maelezo yake kutoka kinywani mwake. Mnunuzi wa vyuma chakavu hatauliza habari hizo, na baada ya mazishi hatakuwapo wa kuzijibu.