Babu, John Wayne na picha iliyokatika katikati

Najua nimekuwa kimya, testi zilinibana, sasa nimepumua kidogo. Niliwaambia naenda nyumbani Kerege kwa siku mbili, kula embe na kulala. Basi nimekwenda na nimerudi, ila kichwa ni kizito kuliko nilipoondoka. Nimemuudhi babu yangu. Na nimemuudhi kwa sababu ya marehemu mmoja wa Kimarekani ambaye hata Kerege haijui.

Kwa msiomjua, babu ni mtu wa picha za kauboi. Mwishoni mwa miaka ya sitini alikuwa kijana, yuko Dar anafanya vibarua. Televisheni huku bara hakuna, imekuja kuanza 1994, kwa hiyo burudani ilikuwa sinema: Avalon, Empire, na ile Drive-In ya Msasani iliyofunguliwa 1966, pale ambapo leo ni Ubalozi wa Marekani. Akipata hela, Jumapili ni picha. Mpaka leo hajui kusema "mhusika mkuu", kwake huyo ni stelingi, na stelingi hafi. Lile pama lake analovaa kwenye mikorosho amelikunja pembeni vilevile kama kule kwenye picha. Na stelingi wake namba moja, tangu ujana mpaka uzee, ni John Wayne.

Sasa mimi mjukuu mwema nikamtafutia zawadi. Nikamwekea kwenye laptopu picha inayoitwa Hatari! Hakuwahi kuiona. Ndugu zangu, hii picha ni yetu kuanzia jina. Ilitoka 1962, mwongozaji ni Howard Hawks, yule yule wa Rio Bravo, na sehemu kubwa ilipigwa hapa hapa Tanganyika, Arusha na kule Momella. Hakuna bastola nyingi, lakini ni kauboi mtupu: badala ya ng'ombe kuna vifaru, twiga na pundamilia, na badala ya farasi kuna magari. John Wayne na kundi lake wanakamata wanyama ili wauzwe bustani za wanyama ng'ambo. Na wanakimbizana nao kweli, si ujanja wa kompyuta.

Tukaiweka laptopu juu ya stuli, barazani, babu kwenye kiti chake, mimi kwenye mkeka. Kifaru wa kwanza kutokea tu, babu alipiga kelele kama yuko Avalon. Akawa anaongea na picha: "Kata kushoto! Kata kushoto, mjinga wewe!" Nilicheka mpaka machozi. Sijamuona babu na furaha ile tangu bibi afariki.

Halafu nikaharibu.

Wiki moja kabla nilikuwa nimesoma habari za mahojiano aliyofanya John Wayne na jarida moja la kwao mwezi Mei 1971 (jarida ni Playboy, hilo sikumtajia babu, adabu kwanza). Humo, akizungumzia weusi wa Marekani, alisema anaamini katika ukuu wa wazungu mpaka hapo weusi watakapoelimishwa wakaweza kubeba majukumu. Akasema haoni hatia kwamba vizazi kadhaa nyuma watu hao walikuwa watumwa. Na kuhusu Wahindi Wekundu, akasema wazungu hawakukosea kuchukua nchi yao, maana watu walihitaji ardhi na wale walikuwa na uchoyo wa kutaka kubaki nayo wenyewe.

Nikamwambia babu. Katikati ya picha! Na nikaongezea kizungumkuti changu cha darasani, ubaguzi, ukoloni, hiki na kile, na kwamba sisi wa Bagamoyo, mahali misafara ya watumwa ilipoishia, ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kumkataa mtu huyu.

Babu hakujibu. Akasema tu, "Zima hiyo." Akaenda kuchukua udhu, Magharibi ilikuwa imekaribia, na usiku ule hakurudi barazani. Asubuhi nimemwamkia, kaitikia marahaba ya chini chini, kisha akasema: "Mke wangu, umeniharibia mtu wangu. Miaka hamsini nimekaa naye."

Duh. Nikapanda gari ya Bagamoyo kurudi Dar na hilo neno kifuani.

Huku chumbani nimelisimulia na nyumba imegawanyika pande mbili. Upande wa kwanza: sanaa ni sanaa na msanii ni msanii, tenganisha. Fundi seremala akiwa mlevi, kiti chake si kinakaliwa? Upande wa pili: mbaguzi ni mbaguzi, futa picha zake zote, tena huyo babu yako umemsaidia. Nimewaza wiki nzima na ninawaambia pande zote mbili zinakwepa kazi.

Tuanze na wa kiti. Kiti hakisemi kitu, wewe unakaa tu. Picha inasema. Picha za kauboi kwa sehemu kubwa ni hadithi za ardhi: nani anaichukua, nani anaondolewa, na nani tunamshangilia. Alichosema John Wayne 1971 kuhusu ardhi ya Wahindi Wekundu ndicho ambacho nyingi ya picha zile zilikuwa zinakisema kwa farasi na bunduki. Sasa hapo utatenganisha wapi? Msanii yumo ndani ya sanaa kama chumvi ndani ya mchuzi. Babu yangu, aliyezaliwa chini ya Mwingereza, alikaa gizani Avalon akiwashangilia wachukua ardhi dhidi ya wenye ardhi. Simlaumu hata kidogo, alikwenda kuangalia farasi na ushujaa baada ya wiki nzima ya kubeba magunia. Lakini hilo ni jambo la kuwazwa, na ukisema "tenganisha" unakuwa umelifunika.

Hata Hatari! yenyewe ina jambo. Walipofika kuipiga, mwishoni mwa 1960, Mwalimu Nyerere alikuwa tayari anaongoza serikali ya ndani, na kabla picha haijatoka Uhuru ukawa umepatikana, 9 Desemba 1961. Nchi inazaliwa nje ya fremu! Ndani ya fremu wahusika wakubwa wote ni wageni, wanyama wanakamatwa wanapelekwa ng'ambo, na hakuna hata mmoja anayeuliza mwenyewe ni nani. Halafu miaka kumi baadaye stelingi wetu, mtu aliyekula na kulala kwenye nchi ya watu waliokuwa wanajitayarisha kujitawala, bado anasema weusi wa kwao wasubiri kwanza waelimishwe. Kumbe unaweza kukimbizana na vifaru Arusha nzima na usiwaone watu.

Sasa nyie wa kufuta. John Wayne alifariki 1979. Ukifuta picha yake leo, yeye hapotezi kitu. Anayepoteza ni nani? Kwanza babu. Pili, wale Waafrika wanaoonekana humo juu ya magari na pembeni ya vizimba, ambao majina yao hatukuambiwa kwa herufi kubwa. Tatu, Arusha yenyewe, maana mle ndani kuna mitaa ya Arusha kama ilivyokuwa, kwa rangi, mwaka wa mwisho wa ukoloni. Ni picha ngapi za namna hiyo tunazo? Ukisema hii ni "picha ya John Wayne" kisha ukaitupa kwa makosa yake, umemkabidhi yeye peke yake kitu kilichofanywa na watu mamia. Wale wasiotajwa umewafuta mara ya pili.

Halafu kuna Hardy Krüger, yule Mjerumani mwenye nywele nyeupe humo humo. Alizaliwa 1928, akasomeshwa kwenye shule ya kuandaa makada wa Hitler, na akiwa na miaka 16 akaingizwa kwenye kikosi cha SS. Alikuja kuyakataa yote yale, na uzeeni akawa anazunguka kuwaonya vijana wa Ujerumani. Baada ya Hatari! alinunua shamba Momella akaishi huko miaka kadhaa, na mpaka leo kuna loji pale yenye jina la Hatari. Alifariki 2022. Kwa hiyo gari moja limebeba watu wawili: mmoja alifundishwa ubaguzi tangu utoto akautapika, mwingine alikuwa na umri wa miaka 60 na kitu na bado anautetea. Mimi nikishajua hilo naiona picha nyingine kabisa. Ukitenganisha sanaa na msanii, hata hii ya Krüger unaikosa.

Mtaniuliza, je, na msanii aliye hai? Hapo msimamo wangu ni mwingine. R. Kelly alihukumiwa miaka 30 jela Juni 2022 kwa makosa ya kuwanyanyasa wanawake na watoto. Kwa miaka mingi kabla ya hapo watu walikuwa wanajua na bado tunanunua, na hela ile ile na jina lile lile ndivyo vilivyomlinda. Msanii aliye hai anayeumiza watu, shilingi yako ni fimbo yake. Hapo simpi. Lakini 2010 Alikiba wetu alikuwa kwenye ule wimbo wa pamoja wa One8, yeye na wasanii wengine wa Afrika pamoja na R. Kelly. Kosa la Alikiba ni lipi? Hakuna. Ndiyo maana nasema uliza maswali mawili: nani anaumizwa leo nikiiangalia kazi hii, na nani mwingine yumo ndani yake.

Kwa John Wayne jibu langu ni hili: angalia, lakini angalia ukijua. Na anayejua aseme. Silijutii nililomwambia babu, ana haki ya kujua kama mimi. Mtu mzima hafichwi habari ati asije akahuzunika. Ninachojutia ni namna. Nilimkatia katikati, wakati anacheka, na ukweli ni kwamba sikuwa nawatetea Wahindi Wekundu wala watumwa wa Bagamoyo. Nilikuwa namuonyesha mzee kwamba nimesoma. Hiyo ni kiburi cha chuo, na nimeomba radhi.

Jana usiku nilimpigia. Tukaongea mvua, korosho, mguu wake unaouma. Kuhusu John Wayne hakusema neno, na mimi sikumgusa. Nilipotaka kuaga akaniuliza, kama vile imemtoka tu:

"Na yule kifaru, mwisho walimpata?"

Nikamwambia tutaangalia wote likizo ikifika. Akasema sawa, ila safari hii nikae kimya mpaka iishe, maneno baadaye.

Nawasilisha.